Chafya Saba

Jina langu la kwanza nililipata kwa chafya. Nilizaliwa Roret, upande wa Bureti katika kaunti ya Kericho, kwenye nyumba ya udongo iliyopakana na chai ya baba, na kitovu hakijakauka akina mama wazee wa ukoo walikuja wakanizunguka. Sisi Wakipsigis jina hilo tunaliita kurenet. Wazee hao hutaja majina ya wahenga, moja baada ya jingine: nyanya wa upande huu, shangazi wa upande ule, yule aliyekufa mwaka wa nzige. Hutaja, kisha husubiri. Mtoto akipiga chafya baada ya jina fulani, basi mwenye jina hilo amekubali kurudi nyumbani. Mtoto akikawia, ugoro kidogo husogezwa puani. Kogo, yaani nyanya yangu, alinisimulia kwamba niliwakalisha mpaka ng'ombe wakarudi zizini, ndipo nikapiga chafya moja ndogo na chumba kizima kikashangilia.

Basi hata kabla sijajua kusoma Biblia nilikuwa nimekwisha kupewa somo moja la dini: mtu huhesabiwa miongoni mwa watu pale pumzi inapopita puani mwake, na haipiti akiwa peke yake. Kuna watu waliokaa karibu naye wakiisubiri.

Leo nafundisha elimu ya dini na maadili katika chuo kimoja cha ualimu, na kila muhula wa kwanza huandika swali hili ubaoni: Mwenzako ameanguka mbele yako. Unamwita, haitiki. Hapumui. Utafanya nini?

Majibu nayajua sasa kama ninavyojua njia ya kwenda kisimani. Wako wanaosema watampepea. Wako wanaosema watammwagia maji, au watamfungua mshipi, au watamnywesha maziwa. Wako watakaompigia simu mzazi wake, na watakaokimbilia barabarani kutafuta bodaboda. Wengi, na hao ndio wanafunzi wangu wenye imani, husema watapiga magoti waombe. Mwaka mmoja kijana wa kiti cha nyuma alisema, bila kuficha, "Madam, mimi nitaondoka. Polisi wakija watanikuta mimi na maiti." Darasa halikumcheka. Wengi walikuwa wakiwaza vivyo hivyo.

Kisha huuliza ni nani anayejua kumsukuma mtu kifua na kumpulizia pumzi. Mwaka huo iliinuka mikono minne. Mmoja alikuwa amefundishwa na skauti, watatu walikuwa wameona kwenye filamu. Nikamwita mmoja wa hao watatu aje mbele atuonyeshe, naye akaweka viganja vyake juu ya tumbo. Lakini nilipouliza ni nani angependa kufundishwa, mikono yote ilipanda, hata ya yule wa kiti cha nyuma. Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia, maana vijana hawa hawana moyo mgumu. Wana mikono isiyojua pa kukaa, na nyuma ya mikono hiyo lipo swali la imani ambalo hakuna aliyewahi kuwajibia: je, mtu aliyeacha kupumua ni wetu bado, au amekwisha kuwa wa Mungu?

Swali hilo nilikutana nalo nikiwa na umri wao. Aprili 1994 nami nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nimekuja nyumbani likizo. Wanaoijua nchi yetu ya chai wanazijua alasiri zake. Asubuhi jua huwaka na majani hung'aa. Ikifika saa nane unyevu wa Ziwa Victoria umepanda vilimani, mawingu yamesimama, na kabla ya saa kumi mvua ya mawe imetwanga chipukizi zote ambazo mtu alikusudia kuzichuma kesho. Siku hiyo tulikuwa kwenye kituo cha kupimia majani, tukisubiri lori la kiwanda. Karani alikuwa chini ya mabati na mizani yake. Binamu yangu, mtoto wa senge, dada yake baba, alikuwa nje akifunika magunia yake kwa nailoni. Mwanga na mlio vilikuja pamoja, hapakuwa na nafasi kati ya viwili hivyo. Tulipofumbua macho alikuwa chini, chali, mvua ikimpiga usoni wala hakufumba.

Hakuwa na jeraha. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko mengine yote. Alikuwa mzima kila mahali nilipotazama.

Watu walirudi nyuma. Wazee wetu waliiita ngurumo Ilat, na walijua kwamba alichokigusa Ilat hakiguswi ovyo. Mtu mmoja alisema mwili wake una moto wa radi ndani, atakayemshika atakwenda naye. Mwingine akavua kofia akaanza kuomba, nasi tukaomba pamoja naye kwa machozi ya kweli. Mimi nilisimama hatua tatu kutoka alipolala. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mwaka mmoja wa chuo. Niliijua sayansi ya kifua kiasi cha kuuchora moyo wenye vyumba vinne na kuupaka rangi, nyekundu huku na buluu kule. Sikusogea. Gari dogo la mizigo lilifika baada ya saa nzima, na walipomwinua tayari tulikuwa tukisema "marehemu".

Miaka mitatu baadaye, nikiwa mwalimu mpya, nilihudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza. Mkufunzi alipofika kwenye radi alisema mambo mawili, na nikaiweka kalamu chini. La kwanza: mwili wa aliyepigwa na radi hauhifadhi umeme wowote. Unaweza kumshika papo hapo. La pili: katika ajali nyingine zenye majeruhi wengi, wenye kuonekana wamekufa huachwa hadi mwisho, lakini kwa radi utaratibu hugeuzwa. Wanaolia na kusonga karibu wote watapona. Nenda kwanza kwa aliyenyamaza.

Sababu yake ni hii. Radi hupita moyoni mara moja na kuunyamazisha wote kwa pamoja. Moyo, kwa kuwa una mahali pake pa ndani panapoanzisha pigo, mara nyingi hujianzisha tena wenyewe. Ila sehemu ya ubongo inayoamuru kupumua hubaki imezubaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo moyo unarudi, unaita hewa, hewa haiji, na unasimama mara ya pili kwa kukosa hewa. Kati ya kurudi kule na kusimama huku, pumzi ya mtu mwingine inaweza kuwa daraja. Binamu yangu alikuwa kijana mwenye kifua cha mchumaji chai, mzima kila mahali. Sijui kama angepona. Najua kwamba katika watu wote wanaoanguka bila pumzi, mtu wa namna yake ni miongoni mwa wenye matumaini makubwa zaidi, na kwamba tulikuwa watu wengi tumemzunguka, kila mmoja na mapafu mawili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilizungusha neno tulilosema pale kituoni: "Tumwachie Mungu." Nataka kulisema hili taratibu, kwa kuwa walioomba pamoja nami walikuwa watu wema na nisingependa kuwadhulumu. Sisi hatukumwachia Mungu. Tuliamua sisi. Mtu alikuwa amelala mahali ambapo hakuna awezaye kusema kwa kutazama tu kama anakwenda au anarudi, nasi tukatoa hukumu kwamba amekwenda, tukaitilia sahihi kwa mikono tuliyoikunja, kisha tukaandika jina la Mungu chini yake. Ambaye angepiga magoti matopeni na kumsukuma kifua ndiye angekuwa amemwachia Mungu kweli, kwa sababu angekuwa ameliacha swali wazi.

Kiswahili chenyewe hutupotosha hapa. Vitabu vya afya huiita huduma hii kufufua moyo na mapafu, na kwa Mkristo neno kufufua ni neno la Pasaka. Mwanafunzi akisikia "kufufua" anaona kaburi na jiwe, na anaogopa kwa haki, kwa kuwa kazi hiyo si yake. Lakini lugha yetu ina neno jingine la zamani na la nyumbani: kuzindua. Aliyezimia huzinduliwa. Nimeanza kulitumia darasani. Hatuendi kaburini kumtoa mtu. Tunamkuta kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje, nasi tunamshika nguo.

Kwamba kizingiti hicho kipo, na kwamba ni kirefu kuliko tulivyodhani, ni jambo ambalo binadamu wamelijua vizuri si zamani sana. Mwaka 1960 watu watatu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, walichapisha habari kwamba mikono miwili juu ya mfupa wa kifua inatosha kuzungusha damu wakati moyo umesimama. Kouwenhoven alikuwa mhandisi wa umeme. Miaka michache kabla yao Peter Safar na James Elam walikuwa wameonyesha kwamba pumzi ninayoitoa mimi bado ina hewa ya kumtosha mwenzangu. KTDA, shirika letu la chai, ilianzishwa 1964. Maarifa haya yameitangulia kwa miaka michache tu, na bado majani ya kila kilima cha Roret yana karani wa kuyapima huku pumzi za wachumaji hazina wa kuzijua.

Maarifa yenyewe ni mafupi. Ukiona mtu hajibu wala hapumui kama kawaida, tuma mtu mmoja unayemwonyesha kwa kidole apige simu atafute gari. Piga magoti ubavuni pake. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, nyoosha viwiko, sukuma chini sentimita 5 hadi 6, achilia kifua kirudi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefundishwa hupuliza pumzi 2 kila baada ya misukumo 30. Asiyefundishwa, au anayeogopa maradhi ya kinywa, asukume tu bila kuacha. Ukichoka mwingine apokee. Bila hewa ubongo huanza kuharibika katika dakika 4 hadi 6, na kila dakika inayopita bila msaada hukata nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Pigia mstari hizo dakika 4, kisha fikiria umbali wa kutoka kwenye mteremko wa chai hadi hospitali ya Litein au Kapkatet siku ya matope. Hesabu hiyo haimlaumu daktari yeyote. Inasema tu kwamba daktari wa dakika nne za kwanza ni aliye karibu, na huku kwetu aliye karibu ana kikapu mgongoni.

Sasa kuna hoja tatu za imani ambazo wanafunzi huniletea, na nazichukulia kwa uzito wote.

Ya kwanza husema: siku yake ilifika. Naamini kwamba siku zetu zimehesabiwa, na sijaiacha imani hiyo. Lakini daftari la hesabu hiyo sikupewa mimi. "Siku yake ilifika" ni maneno ya matangani, ya kuwafariji wenye msiba baada ya kila mkono kufanya uwezavyo. Mtu akiyasema angali amesimama juu ya aliyeanguka, amejitangazia kwamba amelisoma daftari. Mkulima wa chai anajua mvua ni ya Mungu na bonasi huja kwa rehema, na bado huweka mbolea, hupogoa, huamka saa kumi na moja. Hakuna mchungaji aliyewahi kumwambia kwamba mbolea ni kukosa imani. Katika Bomet, jirani zetu, hospitali ya Tenwek iliyoanzishwa na wamishonari 1937 imeishi miaka yote kwa kauli kwamba wao hutibu na Yesu ndiye aponyaye. Kauli hiyo ina sehemu mbili, na ya pili haiifuti ya kwanza.

Hoja ya pili ni ya unajisi, ingawa vijana hawaitaji kwa jina hilo. Wazee walitusimulia kwamba zamani maiti ilipelekwa upande wa magharibi, anakotua Asis, yaani jua, na waliomshika marehemu walioga mtoni na kunyoa nywele kabla ya kurudi kati ya watu. Torati nayo ilimhesabu aliyegusa maiti kuwa najisi kwa siku 7. Mapokeo yote mawili yanajua kwamba mauti si mchezo, na nayaheshimu. Lakini katika mfano wa Msamaria, waliopita kando huenda walikuwa wakiulinda usafi wa namna hiyo hiyo, na Yesu hakuwasifu. Sheria ya maiti ni ya maiti. Haikuwekwa ili itusaidie kumfanya mtu kuwa maiti mapema.

Katika hoja hiyo imo aibu nyingine. Wavulana huniuliza, wakitazama meza, "Na akiwa msichana, Madam?" Wasichana nao hukaa kimya kwa namna inayoonyesha wanalisubiri jibu. Swali hili si la Roret pekee: tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba mwanamke akiangukia hadharani hupata msaada huu mara chache kuliko mwanamume. Mimi huwajibu kama mama. Heshima ya mwili wa msichana ni kubwa, na ndiyo sababu hatutauacha ufe kwa sababu ya haya zetu. Wenzake wasimame wamgeuzie migongo, wamkinge kwa leso. Hiyo ndiyo staha ninayoitaka.

Na yule kijana aliyeogopa polisi sikumpuuza. Nilimsomea kifungu cha 26 cha Katiba yetu ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya kuishi, na 43, kinachosema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Nikamwambia kwamba hofu yake ni ya kweli, na dawa yake ni mashahidi: usiwe peke yako, waite watu kwa sauti, kila mtu aone mikono yako ilikuwa wapi na inafanya nini.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu. Husema: wengi wao hawarudi. Ni kweli. Juni 26, 2003, mamilioni ya Waafrika tulimwona Marc-Vivien Foé wa Kamerun akianguka peke yake katikati ya uwanja kule Lyon. Alihangaikiwa, hakurudi. Machi 17, 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akiichezea Bolton, alianguka vivyo hivyo jijini London. Daktari wa moyo, Andrew Deaner, aliyekuwa amekuja kama shabiki, alishuka kutoka jukwaani akaungana na wahudumu. Moyo wa Muamba ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na leo yu hai. Walivyokuwa wamelala majanini, hakuna mtazamaji ambaye angeweza kutuambia yupi ni wa kurudi na yupi ni wa kwenda. Kwa maana hiyo mikono iliyomsukuma aliyekufa haikupotea. Ilikuwa mikono ile ile, inayofanya jambo lile lile la haki, na matokeo yalikuwa ya Mwingine. Mimi hupata hapa mafundisho zaidi ya imani kuliko katika mahubiri mengi: kufanya kwa nguvu zako zote jambo ambalo mwisho wake haukuahidiwa, na kujua pia kuacha, wakati waliosomea kazi hiyo wamefika wakasema imetosha.

Kuna hadithi moja niliisoma mara nyingi nikiwa mtoto na sikuiona, mpaka baada ya mafunzo yale. Iko katika Wafalme wa Pili, sura ya 4. Mtoto wa mwanamke Mshunami alikuwa shambani na baba yake na wavunaji, akalalamika kichwa, akapelekwa kwa mama, akafa magotini pake adhuhuri. Mama akapanda punda akamfuata Elisha, akakataa kumwachia. Elisha kwanza akamtuma mtumishi wake Gehazi atangulie na fimbo, aiweke juu ya uso wa mtoto. Gehazi akafanya hivyo. Hapakuwa na sauti. Ndipo nabii akaja mwenyewe, akafunga mlango, akaomba, kisha akapanda kitandani akajilaza juu ya mtoto, kinywa kwa kinywa, macho kwa macho, mikono kwa mikono. Mwili ukapata joto, lakini mtoto hakuamka. Elisha akashuka, akatembea nyumbani huku na huku, akarudi, akajilaza tena. Mtoto akapiga chafya mara saba, akafumbua macho.

Sisemi kwamba Elisha alikuwa akifanya kile tunachofundisha leo. Ile inasimuliwa kama ajabu ya Mungu, na naiacha ibaki ajabu. Lakini nawaomba wanafunzi watazame mpangilio wake. Fimbo iliyotumwa kutoka mbali haikutosha. Nadhani sisi pale kituoni tulituma fimbo. Sala ya nabii ilikuwapo, ilitangulia, kisha ikashuka kutoka kinywani ikaingia viganjani. Alijaribu, akashindwa, akatembea, akarudi. Nabii mwenyewe aliweka kinywa chake juu ya kinywa kilichopoa. Na ishara ya kwanza ya kuamka haikuwa neno wala machozi. Ilikuwa chafya, ile ile ambayo Kogo na wenzake waliisubiri juu yangu.

Wamishonari walipofika walituambia tuchague kati ya kurenet na ubatizo, na wengi wetu tunayo majina ya pande zote mbili. Mimi sioni tena ugomvi. Wanawake wa Roret na nabii kule Shunemu walikuwa wameinama mahali pamoja, juu ya uso mdogo, wakijua kwamba pumzi si mali yao na kwamba ni lazima wawepo.

Wanafunzi huniuliza kama ninajiona na hatia ya 1994. Nimejiuliza hilo usiku mwingi. Msichana wa miaka ishirini hawezi kuhukumiwa kwa lile ambalo hakuna aliyemfundisha. Kwa hiyo siliiti hatia. Naliita deni, na wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hatia hukukalisha chini ukijililia. Deni hukuinua asubuhi. Kama ningekaa miaka hii yote bila kujifunza na bila kufundisha, hapo pangekuwa na hatia, kwa maana kutojua kwangu kungekuwa kumegeuka kuwa uamuzi. Hilo ndilo ninalotaka mwanafunzi wa chuo alibebe akiondoka: kwake yeye, mwenye saa ya mapumziko na maktaba, na Msalaba Mwekundu na St John tayari kumfundisha, kutojua hakuwezi kubaki bahati mbaya kwa muda mrefu.

Mwaka uliopita, Jumamosi moja baada ya majani kupimwa, nilikwenda na wanafunzi sita kwenye kituo kile kile. Tulishona gunia, tukalijaza sweta kuukuu na kulifunga kamba kiunoni, na kwa kalamu nene tukalichora duara mahali pa kifua. Wachumaji walipanga foleni kama wanavyopanga mbele ya mizani. Walikuwa na mikono mizuri kwa kazi hiyo, mikono iliyozoea mwendo mmoja saa nzima bila kuchoka. Tuliwafundisha kuhesabu kwa sauti, kwa lugha yoyote.

Senge alikuja pia. Ana zaidi ya miaka themanini sasa, na alikuja kwa fimbo yake polepole, akakalia gunia tupu, akatazama watu wakisukuma mmoja baada ya mwingine. Nilijua angeuliza, na nilikuwa nimeliogopa swali hilo kwa miaka mingi.

"Hivi ndivyo mngemfanyia?"

"Ndiyo, Senge. Hivi, na kumpulizia."

"Angeamka?"

Ningeweza kusema hapana ili kumpumzisha. "Sijui, Senge. Labda. Tungekuwa tumemshika."

Alinyamaza kwa muda. Nilifikiri atainuka aende. Kisha akampa mwanafunzi mmoja ile fimbo, akaniegemea begani, akapiga magoti juu ya nyasi. Aliweka viganja vyake pale palipochorwa duara. Hakusukuma sentimita 5, wala sikumsahihisha. Alihesabu kwa Kikipsigis, kama alivyokuwa akihesabu ndama: agenge, aeng', somok, ang'wan, mut, lo, tisap. Hapo pumzi ikamwishia, akainua uso.

Yule kijana wa kiti cha nyuma alikuwa karibu yake zaidi. Alipiga magoti upande wa pili, akateleza viganja vyake chini ya vile vya Senge bila kuviondoa kwa haraka, na akaendelea pale alipoishia: sisit.